Wakubwa Walikuwa Hotelini

Bakhit Suud alikuwa amelala chini ya gari, mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa na springi ya nyuma inaning'inia juu ya pua yake, alipoviona viatu vyeupe vya kike vimesimama kwenye mafuta machafu ya gereji. Mtaa wote wa gereji wa Ghala, hapa Maskati, kuanzia kwa wapiga rangi mpaka kwa wachomelea mabomba, hakuna mwanamke anayepita kwa miguu, seuze mwenye viatu vyeupe. Lakini viatu vya namna ile alivijua. Aliwahi kuvitazama saa mbili nzima, vikienda mbio na kurudi mbio, siku aliyokaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda namba tisa, mkewe anakufa na yeye kamshika mkono.

"Bakhit! Toka huko chini!" alipiga kelele Awadh wa gereji ya pili, mzaliwa wa Kigoma, mtu ambaye kunyamaza hakukujua. "Umeletewa mchumba na wewe umelala!"

"Muoe wewe, mie niache na springi yangu."

Alijisukuma kwa visigino, akatoka, akainuka akijifuta mikono kwa tambara. Alikuwa ni yeye. Nesi wa ile wodi. Msichana wa miaka ishirini na tatu, buibui limempwaya, bahasha kaikumbatia kifuani.

"Asalaam alaykum, ami."

Bakhit aliitikia salamu kwa kuwa salamu ya Muislamu haikataliwi. Baada ya hapo hakuwa na deni naye tena.

"Umekuja kufanya nini? Kuna mtu mwengine nyumbani kwangu hajafa bado?"

Msichana aliyapokea maneno yale bila ya kurudi nyuma hata hatua moja. "Nnajua hutaki kuniona. Jina langu Aliya. Nisingekuja, ami, lakini kamati inakaa kesho saa nne, na wakishakaa basi tena."

"Kamati gani?"

"Ya malalamiko yako."

Bakhit alisimamisha tambara mkononi. Miezi minane alikuwa akipiga simu katika ile ofisi ya malalamiko ya hospitali, na miezi minane akijibiwa kwa sauti laini kwamba faili linashughulikiwa, ami, faili liko njiani, ami, subira, ami. Leo kamati inakaa kesho na hakuna aliyemwambia.

"Mbona mimi sikuitwa?"

"Wewe hutakiwi kuwapo. Anatakiwa mshitakiwa tu."

"Na mshitakiwa ni nani?"

Aliya alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake mzazi. "Mimi, ami. Si umenishitaki mimi?"

Huko upande wa pili nyundo ya Awadh ilinyamaza.

"Mimi sikushitaki mtoto," alisema Bakhit. "Mimi nimeshitaki wakubwa."

Na ndivyo alivyofanya, kwa mdomo wake mwenyewe. Siku ya arubaini ya mkewe, Khole, alivaa kanzu safi akaenda kwenye ile ofisi, akakalishwa mbele ya kijana mmoja mpole aitwaye Hisham, akapewa kahawa na boksi la karatasi za kufutia machozi, akazungumza nusu saa. Alimwambia Hisham kwa Kiarabu cha gereji na cha sokoni, ambacho alikizungumza bila ya kukwama: mke wangu kaingia hospitali kutolewa mawe ya nyongo. Kapasuliwa Jumapili, salama. Jumatatu asubuhi kaanza kutoka jasho la baridi, moyo unamwenda mbio, anasema Bakhit nnahisi kama nnazama. Wodi ile ina wauguzi watano waliobobea, na mkubwa wao, Bibi Mahfoudha, ana miaka ishirini na saba kazini, akimtazama mgonjwa usoni anajua. Siku ile hakuna hata mmoja. Wote watano wamechukuliwa na basi wakapelekwa hotelini, kwenye semina ya mpango wa kuinua elimu na uongozi wa wauguzi nchi nzima. Wodi ya wagonjwa kumi na wanane imeachiwa watoto wawili, mmoja kaazimwa wodi ya watoto, na mwengine ndiyo kwanza ana miezi mitano kazini. Mke wangu kavuja damu ndani kwa ndani mpaka kaisha, hao wanafundishwa uongozi. Nataka kumjua aliyewaondoa. Nataka aletwe mbele yangu.

Hivyo ndivyo alivyosema. Hisham aliandika kwa vidole viwili, akatoa karatasi kwenye mashine, akamwekea mbele na kalamu juu yake.

Basi hapa lazima isemwe. Bakhit hakujua kusoma Kiarabu.

Msahafu aliusoma, maana una irabu zake na alifundishwa kwa bakora huko Tabora alikozaliwa. Kiswahili alikisoma pia, kwa zile herufi za skuli, darasa nne alizopata. Lakini Kiarabu cha serikali, kisicho na irabu, kilichojaa maneno ambayo hakuna mtu anayeyatamka dukani, kwake kilikuwa ni wadudu waliopangwa mstari. Alifika Maskati mwaka wa sabini na tisa, kijana wa miaka kumi na saba, jamaa zake wakampeleka gereji moja kwa moja. Wenzake waliorudi naye kutoka Afrika walikwenda skuli za usiku, wakasoma, leo ni wakurugenzi. Yeye alikuwa akisema ataanza mwakani. Halafu akamuoa Khole.

Khole wa Malindi, Unguja, alimsomea miaka thelathini na minane. Barua ya baraza la mji, boksi la dawa, ujumbe wa simu, tangazo mlangoni, yote Khole. Hakumfanya ajione mjinga hata siku moja. Akisoma kwa sauti kama anayejisomea mwenyewe, huku akitia maneno yake: "Sikiliza hawa wanavyotaka, Bakhit, eti tung'oe kibaraza." Watu wote walidhani mume ndiye anayetoa amri na mke ndiye anayesoma kwa kuwa mume hana miwani. Hata mwanawe Loai, anayefanya kazi mji wa mbali wa Salala, hakujua. Na Bakhit, kwa kuishi na siri muda mrefu, alikuwa fundi wa kusoma kwa uongo: alijua karatasi ya ukurasa mmoja itazamwe kwa muda gani, macho yatoke kulia yende kushoto, wapi utikise kichwa kidogo.

Ndivyo alivyofanya mbele ya Hisham. Nusu saa ya maneno ilikuwa imezaa mistari minne. Hilo tu lingetosha kumshtua mtu. Akatazama, akatikisa kichwa, akatia saini.

"Nisomee," alimwambia Aliya sasa.

Aliya alitoa nakala kwenye bahasha. Aliisoma kwa Kiarabu kwanza, kisha akaona uso wa mzee haukubadilika, akaisoma tena kwa Kiswahili, neno kwa neno, kidole kikipita juu ya mistari.

"'Mimi niliyetia saini hapa chini namlalamikia muuguzi wa zamu, Aliya binti Mutasim, kwa uzembe uliosababisha kifo cha mke wangu. Naomba achukuliwe hatua.' Kisha tarehe. Kisha hapa chini, herufi ndogo: 'Mlalamikaji ameisoma na ameielewa.'"

"Rudia."

Akarudia.

"Mwana haramu," alisema Bakhit taratibu, na haikujulikana kama anamwambia Hisham, au karatasi, au nafsi yake. Kisha alilirusha lile tambara ukutani kwa nguvu zote, na kwa kuwa tambara halipigi kelele, akachukua na spana akairusha nayo. Awadh alichungulia mlangoni.

"Kuna nini, bwana? Bibi harusi kakataa?"

"Awadh, wallahi leo nitakutia kwenye shimo la mafuta."

Awadh aliuona uso wa mwenzake, akarudi kazini kwake bila ya neno la pili.

Bakhit alivuta kiti cha gari kilichong'olewa, akamwekea msichana, yeye akabaki kasimama. "Haya. Niambie siku ile. Na usinipake mafuta."

Aliya hakumpaka mafuta. Alisema alikuwa na wagonjwa tisa peke yake, watatu wametoka kupasuliwa. Alisema alipompima Bi Khole saa tatu alikuta mapigo yamepanda, akampigia daktari, daktari yuko chumba cha upasuaji. Akapiga tena. Akapiga tena. Mara nne, na zote aliziandika kwenye karatasi ya mgonjwa, saa na dakika. "Nilijua kuna kitu, ami. Lakini nilikuwa sijapata kukiona kwa macho yangu. Bibi Mahfoudha angekijua kutoka mlangoni. Angekwenda kumtoa daktari mwenyewe huko ndani kwa mkono. Mimi nilisubiri simu ipokewe. Hilo ndilo kosa langu. Nnalala nalo. Lakini si uzembe."

Bakhit alikumbuka alivyompigia kelele siku ile: wewe, wewe, njoo! Na alivyokuja kila alipoitwa.

"Wakikutia hatiani?"

"Leseni wananinyang'anya. Na nafasi yangu ya masomo inakwenda. Nimechaguliwa kusomea digrii, tunaanza mwezi huu, katika huo huo mpango. Na wameshamuweka mtu wa akiba, anasubiri niangushwe."

"Mpango huo huo."

"Huo huo, ami."

Bakhit alicheka, kicheko kibaya. "Kwa hiyo wewe unataka nikutoe. Sawa. Na Khole, nani atanitolea?"

Aliya hakumtungia uongo wa kumtuliza. Hilo Bakhit alilipenda kwake kuliko machozi.

"Kesho saa tatu na nusu uwe mlangoni mwa ile ofisi ya malalamiko," alisema. "Usije na kilio. Njoo na orodha ya zamu ya siku ile, na hiyo karatasi yenye simu nne."

Alipokwenda zake, Bakhit aliifunga gereji, akarudi kwake mtaa wa Ghubra, akaswali alasiri, kisha akaketi kwenye meza ya kulia chakula na daftari la hesabu la mistari. Hakuandika kitu tangu barua za uchumba. Aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa-kubwa za darasa la nne, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka pahala pawili. Kila akikumbuka ile picha aliandika kwa nguvu zaidi. Picha yenyewe mtu alimtumia kwenye simu wiki ya msiba, bila ya kujua: wauguzi hotelini, beji shingoni, wanatabasamu mbele ya keki kubwa iliyochorwa kofia ya nesi, na nyuma yao bango lenye maandishi. Khole hayupo tena wa kumsomea bango linasema nini. Hakutaka kujua.

*

Ofisi ya malalamiko ilikuwa na baridi ya kiyoyozi, maua ya plastiki, na watu wawili wanaongoja zamu. Hisham aliinuka mikono miwili mbele.

"Karibu, ya ami! Umetutupa. Kahawa?"

"Sitaki kahawa. Nataka kubadili malalamiko yangu. Jina mliloandika silo."

Hisham aliketi taratibu. Alimtupia jicho Aliya, aliyesimama nyuma ya Bakhit na bahasha yake, akaelewa nusu. "Ami, faili limeshafungwa linakwenda kamatini. Hapo halibadilishwi." Akainama, akateremsha sauti kama anayempa mtu zawadi kwa siri. "Lakini lipo jambo jengine. Ukitaka, unaondoa malalamiko yote. Fomu moja tu. Unatia saini, binti anakwenda zake masomoni, na wewe unapumzika moyo. Hakuna kamati, hakuna maneno. Khalas."

Fomu ilikuwa tayari kwenye mtoto wa meza. Aliitoa bila ya kuitafuta, na Bakhit aliliona hilo. Aliiweka mbele yake na kalamu juu, sawasawa na siku ile.

Nyuma yake alimsikia Aliya akivuta pumzi. Haya ndiyo aliyoyajia, yule mtoto. Saini moja na leseni yake i mkononi. Bakhit aliishika kalamu. Aliwatazama wale wadudu wake. Atie, msichana asalimike, na Khole awe amekufa kwa kuwa siku yake imefika, bila ya mtu kuulizwa lolote. Asitie, saa nne wamchinje mtoto kwa niaba yake.

"Inasemaje hii?" aliuliza.

"Ni hayo niliyokwambia."

"Nnauliza karatasi inasemaje."

Hisham alitabasamu. "Si hiyo mbele yako, ami? Isome."

Wale watu wawili waliokuwa wakingoja waliinua macho. Miaka arubaini na kitu Bakhit alikuwa ameikimbia dakika hii, benki, barazani, msikitini, kwa wakwe. Alihisi masikio yanamwaka moto kama kijana.

"Sijui kusoma," alisema kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Umesikia? Sijui kusoma Kiarabu. Na ile ya kwanza sikuisoma vilevile. Nilikuwa na mke akinisomea, mkamuua. Wewe uliandika unayoyataka wewe, ukaniwekea, na mimi kwa aibu yangu nikatia saini. Aibu yangu hiyo hapa, itazameni nyote. Sasa ya kwako iko wapi?"

Uso wa Hisham ulipauka. Haikuwa huruma. Kulikuwa na ule mstari wa herufi ndogo, mlalamikaji ameisoma na ameielewa, na kulikuwa na mashahidi wawili wamekaa kwenye viti na masikio yao.

"Ami, subiri. Subiri kidogo," alisema, akainua simu. "Nitamwita mudira."

Mudira alikuja kwa viatu vya kisigino, Daktari Balqees, mkurugenzi wa uuguzi wa hospitali nzima, faili la kamati kwapani. Udaktari wake ni wa vitabu. Mwenyewe alianza kama muuguzi wa kawaida, na hilo kila mtu alilijua kwa kuwa alilisema katika kila hotuba. Alimsalimu Bakhit kwa Kiarabu fasaha na kumpa pole.

"Sema Kiswahili, bibi," alisema Bakhit. "Mama yako Ghubra hakukulea kwa Kiarabu hicho. Sahani zake za futari zilikuwa zikija kwangu na zangu kwake. Mchele wa mke wangu ndio umekukuza, huyo unayenipa pole yake."

Daktari Balqees alimtazama Hisham, kisha akaketi. "Nnakusikiliza, ami," alisema, na mara hii sauti yake ilikuwa ya mtu mwengine, ya mtoto wa mtaani kwao.

"Nnataka kujua nani aliwaondoa wale watano."

"Ami, mpango ule si mbaya. Naomba unielewe. Sisi tumekaa miaka tukiamrishwa na kila anayepita. Muuguzi hana sauti, hana masomo, anazeeka na diploma yake. Leo tunawasomesha, tunawapa uongozi, ili mgonjwa kama Bi Khole—"

"Usimtaje."

Mudira alilitoa faili kwapani, akaliweka mezani.

"Wasomesheni," alisema Bakhit. "Wasomesheni mpaka wafike mbinguni, mimi sina neno. Mimi ningesomeshwa nisingekuwa hapa leo nadhalilika mbele ya huyu kijana. Nnachouliza ni kidogo. Kwa nini watano kwa siku moja? Hamkuweza kupeleka wawili Jumatatu na wawili Jumanne? Hata mimi na Awadh hatuendi kuswali Ijumaa tukaiacha gari juu ya jeki!"

Daktari Balqees alitazama kucha zake. Aliya, nyuma, alitoa orodha ya zamu, akaiweka mezani bila ya kusema.

"Kulikuwa na mgeni rasmi," alisema mudira mwisho wake. "Ukumbi ulikuwa wa watu mia tatu. Wiki moja kabla tulikuwa na watu mia na arubaini. Ikaja barua: kila wodi itoe watano. Viti visiwe vitupu."

"Viti."

"Ndiyo, ami."

"Mke wangu amekufa ili viti vya hoteli visiwe vitupu."

Alisimama, na kiti chake kikaanguka. Mmoja wa wale waliokuwa wakingoja alisema la ilaha illallah kwa sauti ya chini. Bakhit alitaka kupiga kitu, na hakukuwa na kitu cha kupiga ila maua ya plastiki, na kupiga maua ya plastiki ni upumbavu. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa karatasi zake za daftari, akazibwaga mezani.

"Haya ndiyo malalamiko yangu. Nimeandika mwenyewe. Huyu kijana hawezi kuyasoma, wewe unaweza. Msomee kwa Kiarabu, aandike. Kila neno."

"Kiswahili si lugha ya ofisi, ya mudira," alisema Hisham haraka. "Kanuni—"

"Kanuni inasema mlalamikaji aisome na aielewe," Aliya alisema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo tangu waingie. "Hiyo ya mwanzo haikusomwa. Kwa hiyo haipo. Kamati ikikaa bila ya malalamiko itajadili nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa nne kasorobo. Daktari Balqees alizivuta karatasi, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alisoma kimya mpaka chini, akafika pahala akasita, akarudi juu.

"Andika," alimwambia Hisham.

Akawa anatafsiri, na Hisham anaandika kwa vidole vyake viwili. Kitanda namba tisa. Jasho la baridi. Wagonjwa kumi na wanane. Mtoto huyu Aliya alipiga simu mara nne na kila nilipomwita alikuja, na mimi nilimtukana na si yeye wa kutukanwa. Ile nusu saa aliyozungumza mbele ya Hisham mwezi wa Machi ilikuwa inarudi yote, bila ya kukatwa.

Kisha mudira akasita tena pale pale. Bakhit alijua ni wapi. Aliandika: *Aliyewaondoa wauguzi watano wodini kwa siku moja ni*, halafu akaacha mstari mtupu, kwa kuwa alikuwa hamjui.

"Hapo pamebaki jina," alisema. "Mimi nilikuwa silijui. Jaza wewe."

Mashine ya kiyoyozi iliunguruma. Orodha ya zamu ilikuwa mezani, na chini ya ile orodha palikuwa na saini ya kuidhinisha, na Hisham alikuwa akiitazama akijifanya haitazami.

"Andika," alisema Daktari Balqees. "Balqees binti Shihab. Mkurugenzi wa uuguzi."

Vidole vya Hisham havikushuka. "Ya mudira..."

"Nimekwambia andika."

Akaandika.

"Na aliyekuletea hiyo barua ya viti?" aliuliza Bakhit.

"Barua haikuwa na jina, ami. Ilikuwa na mhuri tu."

"Basi andika mhuri."

"Mhuri hauwezi kushitakiwa."

"Mtoto wa miezi mitano kazini anaweza, mhuri hauwezi? Andika! Andika nnaulalamikia na mhuri, na namba ya barua, na tarehe yake. Siku moja atatokea mwenye mkono ulioshika huo mhuri."

Wakaandika. Karatasi mbili zikatoka kwenye mashine, zimejaa juu mpaka chini. Hisham alizisogeza na kalamu, na Bakhit akazisukuma kwa Aliya. "Soma. Kwa Kiswahili." Aliya akasoma zote. "Tena." Akasoma tena, kamati inangoja mlango wa pili, mtu mmoja kachungulia mara mbili na kurudi. Hapo ndipo Bakhit alipotia saini, na akataka nakala yake ipigwe mhuri wa kupokelewa mbele ya macho yake.

Daktari Balqees aliingia kamatini na karatasi zile zile zinazomshitaki. Alitoka baada ya dakika ishirini, mikono mitupu. Kamati imelifuta jina la Aliya, alisema. Hana la kujibu, masomo yake yapo. Faili jipya limefunguliwa, na yeye amejitoa katika kamati mpaka lisikilizwe. Alisimama kama anayetarajia kuambiwa kitu. Pengine alitarajia neno la mzee wa mtaani kwao, ahsante, au Mungu akusamehe.

"Nitakuja kusikiliza," alisema Bakhit. "Mara hii mniite." Akampa mgongo.

Nje jua lilikuwa limekaa kwenye magari ya watu kama moto wa jiko. Aliya alimfuata mpaka garini, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, hajui aanze na lipi.

"Ahsante, ami. Wallahi sijui nikwambie nini."

"Usinishukuru. Mimi ndiye niliyekutia humo." Alifungua mlango, joto likampiga usoni, hakuingia. Hasira ilikuwa bado imemjaa, na haikuwa na pahala pa kwenda ila kwa yule mtoto mwenye viatu vyeupe. "Nenda kasome. Soma mpaka wakupe na wewe hivyo viatu vya kisigino na hilo faili la kwapani. Lakini siku utakayokuwa mkubwa, ukaja ukaitoa wodi nzima kwenda kupigwa picha, nitakuja. Nikiwa hai nitakuja, na sitamwachia mtu kuniandikia. Umenisikia?"

"Nimekusikia, ami."

"Umesikia vizuri?"

"Vizuri, ami."

"Haya, ingia. Nikupeleke kwenu, jua kali."